Kiziwi Hazikwi: Ruta ya Zamani Iwe Sikio la Kompyuta Yenu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kerugoya)



Tunajua wengine wenu mmeacha chai bila kuchumwa, na wengine mmepanda kutoka upande wa Mwea asubuhi na mapema. Tutajaribu tusiwachoshe.

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tunazungumza juu ya kompyuta. Tayari tunawaona wengine wakitazamana, kana kwamba wanasema, "Hayo ni mambo ya vijana." Subirini kidogo. Habari hii ilianza na pesa za karo, na pesa za karo si mambo ya vijana peke yao.

Kompyuta iliyofunikwa kitambaa

Kuna kikundi kimoja cha akina mama ambacho tunafanya kazi nacho. Jina lake tuliache. Mfadhili mmoja aliwapa kompyuta ya mezani, si mpya, lakini nzima. Waliiweka katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa parokia, wakaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Na hapo ikakaa karibu mwaka mzima.

Kwa nini ilikaa? Kwa sababu haikuwa na intaneti. Ofisi yetu ina intaneti, na iko ng'ambo ya uwanja, hatua kama arobaini tu kutoka ukumbini. Simu za akina mama zilikuwa zinashika waifai ya ofisi wakiwa wameketi pale pale ukumbini. Kompyuta haikushika. Tulipoulizwa, sisi wa ofisi tulijibu haraka haraka: "Hiyo ni ya zamani, haina waifai. Haiwezekani."

Basi kila karatasi ikawa inapelekwa saiba mjini. Katibu alilipa nauli, akalipa dakika, akalipa na kila ukurasa. Siku moja alikwenda kujaza fomu ya mkopo yenye namba za vitambulisho vya wanachama wote. Mvua ikatisha, akakimbilia matatu, akaiacha fomu wazi katika kompyuta ya watu. Usiku alipokumbuka, hakulala. Kesho yake aliikuta bado imefunguka pale pale. Ni watu wangapi walikuwa wamekalia kiti kile kabla yake, Mungu anajua.

Hapo kamati ikasema: tununue laptopu. Pesa zitoke wapi? Katika mfuko wa karo, ule wanaochangia kila mwezi kwa ajili ya watoto wanaorudi shule Januari. Mkutano ulikuwa mkali. Wengine walisema laptopu ni maendeleo. Wengine walisema mtoto kufukuzwa shule si maendeleo. Ndipo mama mmoja mzee, tunayemwita Shosho, ambaye hajawahi kugusa kompyuta hata siku moja, akainuka akauliza: "Hii kompyuta ni mfu, au ni kiziwi? Kwa sababu kiziwi hazikwi."

Tulinyamaza. Hilo hatukuwa tumeliuliza.

Tukaenda, tukatoa kitambaa, tukaiwasha. Iliwaka. Ilichapa barua, ilihesabu, ilifungua picha. Haikuwa mfu. Ilikosa kitu kimoja tu, kidude cha kusikia waifai. Na katika droo ya ofisi yetu, chini ya kalenda za miaka iliyopita, kulikuwa na ruta ya zamani tuliyoiweka kando tulipoletewa nyingine. Sikio lilikuwa kwetu wakati wote. Hapo tuliona aibu, na ndiyo sababu tumewaita leo.

Ruta ni nini, na inageuzwaje?

Ruta ni kile kisanduku kidogo chenye taa zinazometameta, mara nyingi chenye masikio mawili au matatu. Wengi wetu tunajua kazi yake moja: inapokea intaneti kwa waya, kisha inaitangaza hewani ili simu na laptopu ziishike.

Lakini ndani ya kisanduku kuna redio, na redio hiyo inaweza kusema na kusikia pia. Ruta nyingi zinaweza kuamriwa zifanye kazi kinyume: zisikilize waifai ya ruta nyingine, halafu ziitoe intaneti hiyo kwa waya mpaka kwenye kompyuta. Ni kama mfereji uliokuwa ukipeleka maji shambani, sasa ukautumia kuyaleta nyumbani.

Kompyuta za mezani, hata za zamani, karibu zote zina tundu la kebo ya mtandao huko nyuma. Linafanana na tundu la simu ya mezani, ila ni pana zaidi. Kupitia tundu hilo kompyuta haihitaji kujua habari za waifai. Inaona waya tu. Ndiyo faida kubwa ya njia hii: huhitaji kutafuta programu maalum ya kuifanya kompyuta ikitambue kidude kipya.

Jambo hili si la ajabu katika nchi hii ya mlima. Mwaka 2013, upande wa Nanyuki, ulianzishwa mradi ulioitwa Mawingu, ambao Microsoft ilishirikiana na wengine pamoja na serikali. Walitumia masafa ya televisheni yaliyokuwa hayatumiki, pamoja na nguvu za jua, kupeleka intaneti mahali ambapo nyaya hazikufika. Kunakuwa na chombo cha kupokea mawimbi, kisha waya au waifai ya kuyafikisha kwa watumiaji. Sisi tunafanya jambo lile lile kwa kipimo cha uwanja wa parokia.

Hatua kwa hatua

Andikeni, au mwambieni kijana wa kikundi aandike.

1. Someni kibandiko kilicho chini ya ruta. Kitawaonyesha aina yake, anwani ya kuifungulia, na volti za stima inayotaka. Muwe waangalifu hapa. Plagi ya volti 12 ikichomekwa kwenye ruta ya volti 9 inaweza kuiua, hata kama kichwa chake kinaingia vizuri.

2. Futeni mambo ya zamani. Ruta ikiwa imewashwa, tafuteni kitundu kidogo kilichoandikwa "Reset". Ingizeni sindano au waya mwembamba, mkandamize kama sekunde 10 mpaka taa zibadilike. Sasa imerudi kama ilivyotoka kiwandani.

3. Ungeni kebo. Upande mmoja kwenye kompyuta, upande wa pili kwenye mojawapo ya matundu ya "LAN", ambayo mara nyingi ni manne yaliyopangwa pamoja. Lile tundu moja la rangi tofauti, la "WAN", liacheni.

4. Fungueni programu ya kusomea intaneti katika kompyuta. Pale juu andikeni anwani iliyo kwenye kibandiko, kwa mfano 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Msiogope kwamba hakuna intaneti bado. Ukurasa huo unakaa ndani ya ruta yenyewe.

5. Kabla ya lolote lingine, badilisheni neno la siri la kuingilia. Lile la kiwandani, wengi wanalijua.

6. Tafuteni mahali pa kuchagua kazi ya ruta. Maneno hutofautiana kwa kila kampuni. Mkiona "Client", "Bridge" au "WISP", mmefika. Mkiona "Repeater", hiyo pia mara nyingi hutoa intaneti kwa waya, lakini inatangaza tena hewani, na ruta yenye redio moja hugawanya nguvu zake hapo, kwa hiyo kasi inashuka. Mkikosa maneno haya yote, basi ruta hiyo kwa hali yake si ya kazi hii. Msilazimishe.

7. Iambieni ruta itafute waifai zilizo karibu. Chagueni ile mliyoruhusiwa, muandike neno lake la siri sawasawa, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Hifadhini. Ruta itajizima na kujiwasha.

Mahali tulipoanguka

Sasa tuwaambie ukweli. Mara ya kwanza tulifanya yote hayo, na intaneti haikuja. Tukarudia Jumamosi ya pili. Haikuja. Wengine katika kikundi wakaanza kunong'ona kuhusu laptopu tena. Jumamosi ya tatu ndipo tukagundua kosa letu.

Ruta ya ofisi na ruta ya zamani zote mbili zilikuwa na anwani ile ile, 192.168.1.1. Ebu fikirini mkutano wenye wenyeviti wawili, wote wanaitikia jina moja. Mtu akiinua mkono, nani ampe nafasi? Kompyuta ilikuwa inabisha hodi mlango usio wenyewe.

Dawa yake ni hii. Kwanza jueni anwani ya ruta kubwa. Shikeni simu iliyo kwenye waifai hiyo, mfungue maelezo ya mtandao, mtaona neno "Gateway" na namba kando yake. Hiyo ndiyo anwani ya ruta kubwa.

Mkitumia njia ya "Client" au "Bridge", katika ruta nyingi ndogo hubaki katika ukoo mmoja na ile kubwa. Ipeni ile ndogo namba ya mwisho tofauti ambayo hakuna kifaa kingine kinaitumia, kwa mfano 192.168.1.250. Halafu zimeni kazi yake ya kugawa anwani, inayoitwa "DHCP", ili mgawaji awe mmoja tu, ile ruta kubwa.

Mkitumia njia ya "WISP", mambo ni kinyume. Hapo ruta ndogo inakuwa na boma lake yenyewe. Ipeni ukoo tofauti, kwa mfano 192.168.5.1, na muache "DHCP" ikiwa imewashwa.

Mkishabadilisha anwani, ile ya kwenye kibandiko haitafungua tena. Andikeni mpya kwenye karatasi, muibandike chini ya ruta. Sisi tulisahau hata hilo, tukarudi kwenye sindano na kitundu.

Jioni ile ya Jumamosi ya tatu, ukurasa ulifunguka. Mfuko wa karo haukuguswa. Kilichonunuliwa ni kebo peke yake.

Mahali pa kuiweka

Mawimbi ya waifai yanachoka. Ukuta wa mawe unayapunguza. Mabati yanayarudisha, na hili ni jambo kubwa kwetu maana nyumba zetu nyingi zina mabati. Miti yenye majani mabichi nayo inayanywa. Kwa hiyo wekeni ruta dirishani, upande unaotazama chanzo, mbali na kabati la chuma. Kebo inaweza kwenda mpaka mita 100, kwa hiyo ruta ikae dirishani na kompyuta ikae mnapotaka. Kama mna nafasi ya kuchagua, masafa ya 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri kuliko yale ya 5, ingawa ya 5 yana kasi zaidi mkiwa karibu.

Kuhusu stima, msiogope sana. Zidisheni volti kwa ampia zilizoandikwa kwenye plagi. Volti 9 kwa ampia 0.6 ni wati 5.4. Hiyo ni kama taa ndogo ya kisasa. Lakini radi ikianza kunguruma, chomoeni plagi.

Je, kuna njia nyingine?

Ndiyo, na hatutaki kuwaficha. Kuna kidude kidogo cha waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Ulizeni bei kwanza. Kama hamna ruta ya zamani, msinunue mpya kwa kazi hii kabla ya kulinganisha na kidude hicho. Ubaya wake ni kwamba kompyuta ya zamani nyingine haikitambui bila programu yake.

Njia nyingine ni simu. Simu nyingi za Android zikiwa kwenye waifai, mkiiunga kwa waya wa USB na kuwasha ugawaji wa intaneti, kompyuta inapata intaneti ile ile. Hii ni nzuri kwa kujaribu, au kwa kazi ya saa moja. Lakini katibu akienda nyumbani na simu yake, intaneti imekwenda naye.

Ruta inashinda pale ambapo kikundi kinataka kitu cha kukaa, kisichomtegemea mtu mmoja. Tena kwa yale matundu yake manne, siku mkipata kompyuta ya pili, mnaunga kebo tu.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, ruhusa. Waifai ya mtu ni mali yake. Msiingie kwa kubahatisha neno la siri, hata kama ni ya jirani mnayesali naye. Sheria ya mwaka 2018 juu ya uhalifu wa kompyuta inahesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa. Ombeni, mkubaliane, na kama mnachangia bili andikeni kiasi katika kitabu. Vilevile, kama ruta mliyo nayo iliwekwa na kampuni ya intaneti, ulizeni kwanza kama ni yenu au ni ya kurudisha.

Pili, usalama. Ruta ya zamani sana inayojua ulinzi wa "WEP" peke yake haifai. Wataalamu walionyesha tangu 2001 kwamba kufuli hilo linafunguka. Tumieni inayojua "WPA2" au zaidi. Na kompyuta yenyewe nayo itazamwe: Windows 7 iliachwa bila marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Kompyuta kama hiyo inaweza kuwekewa mfumo wa Linux ambao ni wa bure. Kabla ya hapo, msiitumie kwa mambo ya benki.

Tatu, kumbukeni kwamba ruta haizai intaneti. Inaleta ile iliyoko. Kama chanzo ni bando la simu, kompyuta ikianza kujisasisha inaweza kulimaliza kabla hamjafungua barua moja. Iambieni kompyuta kwamba mtandao huo ni wa kupimwa.

Nne, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri: maneno ya siri ni ya kikundi, si ya mtu. Tumeona kikundi ambacho kijana mmoja alijua kila kitu, akapata kazi Nairobi, na kompyuta ikarudi kufunikwa kitambaa. Andikeni katika daftari, lifungiwe pamoja na kitabu cha mweka hazina, na watu watatu wajue mahali lilipo. Angalau wawili kati yao wawe akina mama. Na zile karatasi zenye namba za vitambulisho, kumbukeni tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Siri za wanachama ni amana.

Mwisho

Kikundi kile sasa kinajaza fomu zake pale pale ukumbini, siku ya mkutano, wanachama wakiona kwa macho yao kinachoandikwa. Haya ndiyo yaliyotufurahisha kuliko intaneti yenyewe. Zamani katibu alikuwa anaondoka na karatasi na kurudi na habari. Sasa mama anasema, "Hapo jina langu limekosewa," na linarekebishwa.

Si kwamba kila kitu kimekuwa rahisi. Siku za mvua kubwa mtandao unapungua, na stima ikipotea wote tunangoja. Shosho bado hajagusa kompyuta. Anakaa nyuma, anauliza maswali. Nasi tumejifunza kutojibu haraka haraka.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kuchanga pesa, fungueni kabati.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Tuone: Ni vifaa gani tulivyo navyo ambavyo havitumiki? Kila kimoja, ni "mfu" au ni "kiziwi"? Nani alituambia hakifai, na je, alikijaribu?

2. Tuamue: Kazi zetu zipi zinatupeleka saiba? Kwa mwezi tunatumia pesa ngapi kwa nauli na kurasa? Siri zetu zinabaki wapi?

3. Tutende: Nani ataomba ruhusa ya waifai iliyo karibu? Nani atashika daftari la maneno ya siri, na nani watatu watajua lilipo? Tutakutana lini kujaribu?